Mikono Iliyobaki Uvira

Ninyi vijana mnaoegesha kabaza, pikipiki zenu za abiria, mbele ya nyumba yetu hapa kambini Dzaleka na kumsumbua mke wangu awashonee mifuko ya suruali bure, maneno yenu yananifikia. Mnasema Papa Sifa, yaani mimi, amejizeesha kwa makusudi. Macho yake mazima, miguu mizima, alishaendesha Uvira mpaka Fizi, na hapa alishuka mpaka ziwani kwa njia ya msituni miaka na miaka. Kwa nini leo anakaa kwenye kiti kuhesabu wapita njia? Haya, zimeni pikipiki zenu. Na yule anayejidai kwamba simu yake inamwonyesha njia zote za Malawi, asogee karibu zaidi, maana yeye ndiye ninayemwogopea.

Njia yenyewe simu inaionyesha, sikatai. Unaacha lami, unapita mashamba ya mahindi na tumbaku, unaingia hifadhi ya msitu, unavuka mto usio na daraja, kisha unateremka ukingo wa mlima mpaka unatokea kwenye ghuba ambayo haina hoteli wala baa. Kuna wavuvi tu, na vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa huku. Bambo Phiri, mfanyabiashara wa Mitundu, alikuwa ananunua usipa pale kwa sababu wenzake waliogopa kufika. Alikuwa na Landkruza ya zamani yenye vyuma nyuma, na mimi ndiye niliyekuwa dereva wake. Kwenye simu njia hiyo ni uzi mwembamba. Uzi hausemi kwamba gari mbili hazipishani humo ila kwa kubanana, wala hausemi upande gani ni ukuta wa mlima na upande gani ni hewa tupu.

Aliyenifundisha ile njia ni Bambo Chirwa, dereva mzee wa Nsungwi, mtu mfupi, mkavu, asiyependa haraka. Safari ya kwanza tulifika mtoni nikataka kupita moja kwa moja, kwa sababu nilikuwa nimevaa viatu vyangu vizuri vya ngozi. Mnatujua sisi wa Kivu na viatu. Chirwa akatoa ufunguo, akauweka mfukoni, akakaa juu ya boneti na kuanza kumenya muwa.

"Achimwene, ndugu yangu," akasema, "mto hauvukwi na gari kabla haujavukwa na miguu."

Nikavua viatu. Nikavifunga kamba na kuvitundika shingoni, nikakunja suruali, nikashika fimbo. Katikati nikakanyaga jiwe lenye utelezi, nikaenda chini mzima mzima, viatu shingoni. Chirwa hakucheka. Alitema maganda ya muwa akauliza kina cha maji kilinifika wapi nilipokuwa bado nimesimama. Nikamwonyesha paja. Akasema vizuri, sasa tunajua, twende. Tangu hapo sijawahi kuvuka maji ambayo sijayatembea. Mahali maji yanaporukaruka kwa kelele kuna mawe, na gurudumu linapata pa kushika. Mahali yanapotulia kama yanakualika, usiende. Na ukishaingia usibadilishe gia. Shika ya kwanza, kanyaga mafuta kidogo tu bila kuachia, mpaka umetoka na magurudumu yote.

Tembo nao. Chirwa alinifanya niweke kiganja juu ya mavi yao ili nijue kama bado yana joto. Kama yana joto, unazima injini na kungoja, hata kama nyuma kuna watu wanaotaka kufika. Siku moja nilikuwa nimempakia pasta wetu, na tembo jike akasimama njiani na mtoto wake. Pasta akanyanyua mkono ndani ya gari, akaanza kukemea kwa sauti.

"Pasta," nikamnong'oneza, "ye haiko na pepo. Iko na mutoto. Unyamaze tu."

Akanyamaza, lakini midomo iliendelea kucheza. Mimi jasho lilikuwa limenilowesha mpaka kwenye mkanda. Tembo alitutazama hadi akatuchoka, akaondoka.

Hayo yote mtu anajifunza. Maji unayatembea, tembo unamngoja, mteremko unauingia ukiwa tayari na gia ndogo ya kwanza ili injini ikushike na breki zisipate moto. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikuweza kujifunza, na ndilo lililokuwa likininyima raha kila nilipowasha gari.

Kwetu Kongo tunaendesha kulia. Hapa ni kushoto. Mtasema hilo ni jambo dogo, mtu anazoea wiki moja. Mjini, ndiyo. Lilongwe haikunisumbua hata kidogo. Ukiwa Area 49 au kwenye mzunguko wowote wa mjini, magari mengine yanakuonyesha upande wako, unafuata tu kundi. Msituni hakuna kundi. Njia ni moja, unakwenda katikati, nusu siku huoni gari, na mikono inasahau kwamba iko Malawi. Mimi nilijifunza usukani kwenye barabara ya Uvira, nikaukomalia kwenye zile kona za mlima Ngomo, njia ya Bukavu, ambako ukichelewa kupisha unakwenda kuzikwa na gari lako. Pale mikono yangu ilifundishwa kwa hofu. Na kitu ulichofundishwa kwa hofu kinarudi pamoja na hofu.

Niligundua hivi. Mbuzi aliruka barabarani karibu na Mitundu, na kabla sijafikiri chochote nilikuwa upande wa kulia kabisa, mbele ya mama mwenye baiskeli na gunia la mkaa. Mama alijitupa majanini. Hakuumia, lakini alinitukana Kichewa ambacho mpaka leo sijakielewa chote. Chirwa alikuwa amekaa pembeni yangu. Hakupiga kelele. Kesho yake alinipeleka kwenye uwanja mkavu nyuma ya soko, akaazima kabaza ya baiskeli, akaanza kunijia uso kwa uso akipiga mayowe ili nimkwepe kushoto. Watu wakajaa kutazama. Mzee mzima juu ya baiskeli, koti linapepea, anapiga yowe, na Landkruza inamkwepa. Mara ya kwanza kushoto. Mara ya pili kushoto. Kila mara kushoto. Akatosheka, akaniita mwanafunzi mzuri, tukaenda kula nsima, ugali wao.

Mimi sikutosheka. Nilijua kwamba pale uwanjani nilikuwa namngoja. Mikono haikosei ukiwa unangoja. Nilichotaka kujua ni itafanya nini siku ambayo singojei, na hilo Chirwa hakuwa na namna ya kunifundisha.

Basi nikawa dereva mwenye woga, na nawaambia bila aibu. Kila kona ya mteremko ule nilikuwa nasimama kabisa. Nashusha kioo, napiga honi ndefu, nanyamaza, nasikiliza. Kama kuna gari linapanda utasikia injini inalia au utajibiwa honi. Hapo unarudi nyuma mpaka mahali papana, kwa sababu anayepanda na mzigo ndiye wa kupishwa. Kukiwa kimya unaingia kona. Bambo Phiri alikuwa ananicheka kwamba natumia honi nyingi kuliko mafuta. Usiku nilikuwa naota kona, na mke wangu ananiamsha kwa sababu nimemshika mkono na kuuvuta upande wa kulia.

Kisha ikaja ile safari ya ubatizo.

Mnajua kanisa letu halibatizi kwenye karai. Wazee wetu wengi ni watu wa Fizi na Uvira, wamezaliwa ziwani, na kwao mtu anazamishwa kwenye maji yanayokwenda mpaka macho yasione mwisho. Fukwe za kando ya lami zina muziki na pombe, kwa hiyo pasta alitaka ghuba ile ya wavuvi. Ruhusa ya kutoka kambini ilipatikana, Bambo Phiri akatoa gari, na watu wa kwaya wakapanda nyuma na kujishikilia kwenye vyuma. Kati ya waliokuwa wanabatizwa alikuwamo Sifa, binti yangu. Kaka zake walishahamishiwa nchi za mbali, mmoja huku, mwingine kule, tunawaona kwenye simu. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani.

Mama Sifa alikuwa na nguo za watu za kumaliza, hakuja. Aliinama dirishani kwangu kabla hatujaondoka. Yeye peke yake ndiye aliyejua ndoto zangu.

"Papa Sifa," akasema polepole ili mtoto asisikie, "ye njo mutoto tunabakia naye. Utanirudishia ye."

"Nitamurudisha."

"Usiseme tu."

Nilimweka Sifa mbele, pembeni yangu, mkono wa kushoto, ili nimwone. Wale wa nyuma niliwapa sharti moja: mashambani imbeni mtakavyo, lakini nikianza kuteremka mlima, kimya, maana ninahitaji masikio. Wakakubali. Na kweli, mtoni walishuka wakavuka kwa miguu huku wanacheka, msituni wakaimba, na tulipofika kwenye kichwa cha mteremko niligonga paa la gari, wakanyamaza. Hata pasta.

Kona ya kwanza: kusimama, honi, kimya, kupita. Ya pili vilevile. Mlima ulikuwa kushoto kwetu, karibu kabisa, mizizi inagusa kioo cha Sifa. Kulia kwangu kulikuwa hewa. Nilikuwa nikitazama chini ya dirisha langu naona vilele vya mianzi, na mashina yake siyaoni.

Kuna kona moja pale ambako msitu unafunguka. Mimi nilikuwa nimeizoea, nikasahau kwamba wale wa nyuma wengi walikuwa hawajawahi kuifikia. Nilisimama, nikapiga honi. Na wakati huohuo wao, wakiwa wamesimama juu kuliko mimi, wakaliona ziwa. Bluu yote ile, na milima ng'ambo yake kwa mbali, vilevile kama unavyosimama Uvira unatazama upande wa Burundi.

"Ee Mungu! Tazama!" mama mmoja wa Fizi akapiga yowe. "Ni ya kwetu! Ni Tanganyika kabisa!"

Wakalipuka kwa wimbo. Huwezi kuwalaumu. Wengine walikuwa wanalia, wanagonga vyuma vya gari kwa viganja, na gari zima likawa ngoma. Nikagonga paa, wakadhani naitikia, wakazidisha. Nikatoa kichwa nje niwakemee, na hata mimi nikaliona, nikasahau kukemea. Nilikuwa nimelipita mara nyingi nikitazama gurudumu tu. Kusikiliza sikuweza. Kusimama pale kwenye ncha ya kona pia ni hatari, anayetoka chini hakuoni. Nikapiga honi tena na kuachia gari liende polepole kwa gia ndogo.

Fuso ikatokea.

Ilikuwa inapanda na shehena ya usipa, imejaa njia yote, pua yake iko juu kabisa mbele yangu. Sifa akapiga yowe. "Papa!"

Siwezi kuwaambia nilifikiri nini, kwa sababu sikufikiri. Mikono ilikwenda kulia. Niliiona inakwenda, kama mikono ya mtu mwingine. Kushoto kulikuwa na mlima, kulikuwa na ukuta, kulikuwa na sheria ya nchi hii, na mimi nikaligeuza gari na watu wote wale kuelekea kwenye hewa. Gurudumu la mbele lilikanyaga majani ya ukingoni. Nilisikia mawe yanaanguka, na sikusikia yakifika chini. Nikajua nimewaua. Wimbo ulikuwa umekatika, na nikangoja pua ya Fuso inipige na kutumalizia bondeni, maana dereva wa Malawi anakwenda kushoto, na kushoto kwake ndiko nilikokuwa mimi.

Haikunipiga. Fuso ilijibana kwenye mlima. Nayo ilikwenda kulia kwake, ikajikwaruza kwenye mizizi na udongo. Kioo changu cha kushoto kikagongana na kioo chake cha kushoto, vyote viwili vikavunjika, Sifa akawahi kuvuta mkono ndani, na tukapishana. Nikakanyaga breki pale njia ilipopanuka.

Dereva wa Fuso alishuka kabla yangu. Alikuja anatembea amejishika kiunoni, mtu wa makamo, shati limefunguka. Akatutazama sote, akatazama alama za magurudumu yangu kwenye ukingo, akatazama za kwake mlimani. Halafu akasema, si kwa Kichewa:

"We mutu wa wapi?"

"Uvira," nikasema.

Akakaa chini palepale vumbini. "Mi ni wa Bukavu," akasema. "Naitwa Bisimwa. Naikala mu Area 49." Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, akajifunika uso. "Papa, mi nilipiga honi. Nilipiga mingi sana. Hamukusikia?"

"Banakuwa banaimba," nikasema. "Banaona ziwa."

Akatikisa kichwa. "Hata mi, mara ya kwanza niliona hii ziwa, nilisimamisha gari, nikalia."

Wale wa nyuma walikuwa bado hawajaelewa. Pasta alishuka, akainua mikono, akaanza kushukuru kwa malaika aliyesukuma gari. Mimi na Bisimwa tulitazamana. Hatukutaka kumwambia malaika huyo alitokea Ngomo. Ila Sifa, ambaye amekulia hapa na leseni yake atapata hapa, alikuwa anatazama zile alama njiani, yetu huku, ya wenzetu kule, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Papa, juu ya nini bote mulipita mubaya?"

Nilimshika kichwa kwa mikono yote miwili, nikamshika tu.

Walibatizwa. Maji yalikuwa ya vuguvugu, wavuvi walitukaribisha, Sifa alizama akaibuka anacheka na nywele zimemlala usoni. Mimi nilikaa kwenye kichanja cha usipa nahesabu vichwa vyao tena na tena, kila mtu akidhani ni furaha ya mzazi. Wakati wa kupanda sikukubali mtu yeyote abaki garini. Walitembea mlima wote, na Sifa alitangulia kila kona akipunga kitenge, akiniita tu akishahakikisha hakuna mtu. Wamama walilalamika miguu. Nikawaambia walalamike wakiwa hai.

Sasa sikilizeni, ninyi wa kabaza. Wengi wenu mmezaliwa hapahapa Dzaleka. Mikono yenu ni ya hapa. Nikiwashtua mtakwenda kushoto, na mara nyingine ninapowatazama hilo linanifurahisha na kuniuma kwa pamoja. Lakini wapo kati yenu waliokuja wakubwa, walioendesha kwetu, na hao wanajijua. Msijipime kwa miaka mliyoendesha bila ajali. Mimi nilikuwa na miaka mingi kama hiyo. Jipimeni kwa lile mnalofanya kabla hamjafikiri. Na kama mnaendesha watu, msimfiche mwenye gari.

Siku iliyofuata ule ubatizo nilikwenda Mitundu asubuhi. Bambo Phiri alikuwa sokoni anapima usipa, mikono yake imejaa magamba. Niliweka ufunguo juu ya gunia, nikamweleza yote, ya mbuzi, ya ndoto, ya kona. Alinisikiliza, akajifuta mikono kwenye aproni, akacheka kwa upole, maana alikuwa ananipenda.

"Kioo tu kimevunjika," akasema. "Kioo nitanunua. Watu wote wamerudi. Mtoto wako amerudi. Papa Sifa, hakuna aliyekufa."

"Zikomo, Bambo," nikamshukuru. "Ndiyo maana nimekuja leo."